Ugonjwa Mmoja Wenye Sura Nyingi

(Haya ni mazungumzo ya tabibu wa zahanati mbele ya wanakisomo wa kijiji chake. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Nashukuru mmekuja wengi, ingawa ni wakati wa kuvuna pamba na najua mizani inawangoja. Mwalimu wenu aliniomba nizungumze juu ya ugonjwa wowote ninaoutaka. Nadhani alitegemea nizungumze juu ya malaria au kuhara. Hayo mmekwisha kuyasikia. Leo nataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjausikia. Hata mimi niliusoma chuoni siku moja tu. Niliandika mistari mitatu, nikausahau. Ugonjwa huo unaitwa lupasi.

Nimeuchagua kwa sababu ulifika hapa kijijini kwetu, na sote tulikosea. Wa kwanza kukosea nilikuwa mimi.

Mama mgonjwa amenipa ruhusa niwaeleze habari zake. Jina lake sitalitaja. Anayemjua anamjua. Bibi jirani yake naye amenipa ruhusa. Mtaona huyo bibi anaingia wapi.

Sasa sikilizeni jinsi ugonjwa ulivyomjia, maana ulimjia vipande vipande.

Mwishoni mwa mwaka 2018, wakati wa palizi, mama huyu alikuwa na miaka 27. Akaanza kuvimba vidole vya mikono yote miwili. Akiamka asubuhi hawezi kukunja ngumi. Jua likipanda, vidole vinalegea kidogo. Wazee wakasema ni baridi yabisi. Akachuliwa mafuta. Zahanati hakuja.

Baada ya miezi michache uso ukabadilika. Mashavu yote mawili yakapata wekundu uliochanganyika na weusi, ukapita juu ya pua, kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Akitoka shambani uso unawaka kama umepakwa pilipili. Mumewe akadhani anapaka mkorogo kwa siri. Wakagombana. Bwana akapekua nyumba nzima kutafuta kopo la mkorogo, hata chini ya kitanda. Hakuliona, maana halikuwapo.

Kisha ikaja homa. Hapo ndipo alipokuja kwangu. Nikampima malaria kwa kile kipimo cha tone la damu. Kipimo kikasema hana malaria. Nikampa dawa ya mseto hivyo hivyo. Nilijiambia, homa ya huku kwetu ni nini kama si malaria? Mwezi uliofuata akarudi na homa. Nikampima, hana. Nikampa mseto tena. Mara ya tatu nikaongeza na dawa ya taifodi. Jamani, kipimo kilisema hapana mara tatu, na mimi mara tatu nilijifanya najua kuliko kipimo.

Haya. Nywele zikaanza kukatika. Mdomoni, juu kwenye kaakaa, akatoka vidonda. Hapo minong'ono ikaanza kisimani. Mnajua watu walisema nini. Akapima virusi vya UKIMWI, hana. Baada ya miezi mitatu akapima tena, hana. Watu hawakuamini. Wengine wakaacha kula naye sahani moja.

Kisha kifua kikamchoma kila akivuta pumzi. Alikwenda kituo cha afya, wakampima makohozi. Kifua kikuu hakuna. Na katikati ya hayo yote akapoteza mimba mbili, moja mwaka 2020 na nyingine mwanzoni mwa mwaka 2021.

Mimba ya pili ilipotoka, ndugu za mume wakampeleka bwana kwa mpiga ramli. Mpiga ramli akasema mchawi anakaa mashariki ya nyumba yao, ni mwanamke mzee, na macho yake ni mekundu. Mashariki ya nyumba yao kuna nyumba moja tu. Bibi wa nyumba ile ana macho mekundu kwa sababu amepika kwa mabua na samadi kwa miaka sitini. Lakini kuanzia siku ile hakuna aliyeteka naye maji. Usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya bati lake. Akakimbilia kwa mwanawe, kijiji cha pili, akayaacha mahindi yake yamesimama shambani. Yaliyowapata bibi zetu wengine katika sehemu hizi mnayajua. Sitayarudia.

Mwezi wa saba mwaka huo mama akaja tena zahanati. Safari hii miguu imejaa maji. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso umevimba kuzunguka macho. Akaniambia mkojo wake una povu kama pombe ya mtama. Nikachukua kile kijiti cha kupimia mkojo ambacho akina mama wajawazito mnakijua. Nikakichovya. Mahali pa protini pakageuka kijani kabisa. Protini ni ile nguvu ya chakula inayotembea kwenye damu. Figo nzima huizuia isitoke. Ukiiona nyingi hivyo kwenye mkojo, jua chujio limetoboka. Nikampima shinikizo la damu. Lilikuwa 170 kwa 110, kwa mama wa miaka 29.

Nikamuuliza, "Umeanza kuumwa lini?"

Hakunijibu kwa mdomo. Akatoa daftari kwenye kikapu.

Wanakisomo wa siku zile mnakumbuka. Mwalimu aliwataka kila jioni muandike mstari mmoja, chochote kile, ili mkono usisahau. Wengi mliacha. Yeye hakuacha. Nikakaa kwenye benchi nikasoma. "Leo vidole vimevimba, sikufua." Mbele yake, "Jua kali. Uso umewaka." Kisha, "Homa. Nimepewa mseto." Kisha, "Kidonda mdomoni, sikula ugali." Na ukurasa mwingine, "Mimba imetoka. Mvua imenyesha." Kila mstari una tarehe.

Kwenye kadi zangu mlikuwa na homa tu. Kwenye kadi ya kituo cha afya mlikuwa na kifua. Mimba zilikuwa kwenye kadi ya kliniki. Vidole na uso havikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande chake. Daftari peke yake ndilo lililokuwa na vipande vyote, tena kwa mfuatano. Nikaikumbuka ile mistari yangu mitatu ya chuoni. Siku ile ile nikaandika barua ya rufaa, na daftari nikamwambia aende nalo. Kwa figo zilizoharibika vile, kusubiri wiki moja ni hatari.

Sasa lupasi ni kitu gani?

Mnalijua jeshi letu la sungusungu. Kazi yake ni kulinda kijiji. Mwizi akiingia, wanamkamata. Mwili nao una askari wake kwenye damu, na kazi yao ni kuua vijidudu. Sasa fikirini usiku mmoja sungusungu wamepotewa na akili. Hawatambui tena nani mgeni na nani mwenyeji. Wanavunja milango ya wanakijiji wenzao, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Ndivyo lupasi ilivyo. Askari wa mwili wanaupiga mwili wenyewe. Wakipiga viungo, vidole vinavimba. Wakipiga ngozi, uso unawaka. Wakipiga utando wa mapafu au wa moyo, kifua kinachoma. Wakipiga figo, protini inavuja, shinikizo linapanda, miguu inavimba. Wakipiga ubongo, mtu huanguka kifafa au huchanganyikiwa, na hapo ndipo watu husema amerogwa. Kwa wengine damu huganda hovyo, pengine kwenye kondo la nyuma, na mtoto tumboni akakosa chakula.

Kwa hiyo hakuna mdudu wa kukuambukiza. Kula naye sahani moja, lala naye kitanda kimoja, mbebe mtoto wake. Hupati kitu. Chanzo chake si kimoja. Mtu huzaliwa na mwili wenye mwelekeo huo, kisha mambo mengine yakauamsha, kama jua kali au maradhi mengine. Katika wagonjwa kumi, tisa ni wanawake, na wengi wao wana umri wa kuzaa. Wanaume na watoto hupata pia, lakini kwa uchache.

Jina lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni mbwa mwitu. Waganga wa zamani wa Ulaya waliona vidonda vya uso vimekaa kana kwamba mtu ameng'atwa. Kwa muda mrefu walidhani ni ugonjwa wa ngozi tu. Mwaka 1872 daktari Kaposi, aliyefanya kazi mji wa Vienna, aliandika kwamba wagonjwa hao hupata homa, huvimba viungo, na huumwa hata sehemu za ndani. Ndiyo kusema wataalamu nao waliushika ugonjwa huu kwa vipande. Sisi si wa kwanza.

Kule hospitali ya rufaa daktari alilisoma daftari kabla ya kumgusa mgonjwa. Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza hilo, na hata sasa akilieleza anacheka kwa furaha. Kisha vipimo vikaanza. Hakuna kipimo kimoja cha lupasi kama kile cha malaria. Ni lazima kukusanya ushahidi, kama baraza linavyosikiliza mashahidi wengi. Walipima picha kubwa ya damu. Chembe nyeupe zilikuwa chache, na chembe za kugandisha damu zilikuwa chache pia. Walipima kama damu ina kinga zinazoshambulia viini vya chembe za mwili wenyewe. Kipimo hicho kinaitwa ANA. Karibu kila mwenye lupasi anacho, lakini hata watu wengine wanacho, pengine hata mtu mzima asiyeumwa. Kwa hiyo daktari mwenye busara hasemi ni lupasi kwa ANA peke yake. Walipima kinga nyingine iliyo ya lupasi hasa, na aliikutwa nayo.

Walirudia pia vipimo vya UKIMWI, kifua kikuu na kaswende. Hapa kwenye kaswende niwaambie jambo. Kipimo cha aina fulani cha kaswende kinaweza kusema mtu ana kaswende kumbe ana lupasi. Fikirini ugomvi utakaoingia nyumba hiyo! Ndiyo maana kipimo hicho kikidai mtu ana kaswende, kinafuatwa na kipimo kingine cha kuhakikisha.

Mwisho walimchoma sindano ya mgongoni baada ya ganzi, wakatoa kipande cha figo chembamba kama uzi, wakakiangalia kwa darubini. Figo zilikuwa zimeshambuliwa kweli, lakini hazijafa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwahi na kuchelewa. Figo ikishakufa, kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na gharama zake mnazisikia.

Dawa alizopewa ni tatu, mbali na ya shinikizo. Ya kwanza itawashangaza wazee. Ni ndugu wa klorokwini! Mnaikumbuka klorokwini? Ile chungu, inayowasha mwili mzima mpaka mtu anajikuna na gunzi? Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vijidudu viliizoea. Lakini kwa lupasi ndugu yake bado ni nguzo. Anaitwa haidroksiklorokwini. Habari hii ina asili ya zamani. Mwaka 1894 daktari Payne wa London aliandika juu ya kuwapa kwinini wagonjwa wa lupasi ya ngozi. Tena katika Vita Kuu ya Pili, askari waliomeza dawa za malaria waliona vipele na maumivu ya viungo vimepungua. Dawa hiyo haiui askari wa mwili. Inawatuliza. Humezwa kila siku, miaka na miaka. Macho hupimwa mwanzoni, na baada ya miaka mitano kila mwaka. Mwenye figo mbovu hupimwa mapema zaidi, kwa maana dawa ikizidi mwilini huharibu macho. Msiende kuinunua dukani kwa kubahatisha.

Ya pili ni prednisoloni. Hiyo ni kama rungu. Inawapiga sungusungu wale haraka. Ya tatu ilikuwa saiklofosfamaidi, kwa dripu, mara moja kila mwezi kwa miezi sita, na baadaye vidonge vya azathioprini. Dawa za namna hii zinapunguza askari wote, wabaya na wazuri. Kwa hiyo mgonjwa akipata homa asilale nyumbani kungoja ipite. Aje siku hiyo hiyo. Na malaria apimwe, maana mwenye lupasi naye anaumwa na mbu kama sisi.

Sasa naja kwenye kosa la pili, na hili karibu limuue.

Prednisoloni humfanya mtu ale sana, na uso ukawa mviringo. Watu wale wale waliomsema amekonda, sasa wakamcheka amenenepa. Nguvu zilikuwa zimerudi, vidole vimelegea, mkojo hauna povu. Mwezi wa kumi na mbili akajiambia amepona. Akaviweka vidonge juu ya kabati. Siku ya nne akaanza kutapika. Siku ya sita alianguka jikoni, mwili umelegea kama nguo mbichi. Shinikizo lililokuwa 170 sasa lilikuwa 80. Tulimpeleka wilayani kwa pikipiki mbili, yeye katikati ya watu wawili, mimi nyuma nimeshika dripu.

Nieleze sababu. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana na prednisoloni, kidogo kila siku, na bila hicho mtu hawezi kuishi. Ukimeza vidonge kwa muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza. Ni kama familia iliyozoea maji ya bomba, kisima chao kikajaa matope. Ukilifunga bomba ghafla, watakunywa nini? Lazima bomba lipunguzwe kidogo kidogo, huku kisima kinafukuliwa. Kwa hiyo dawa hiyo hupunguzwa na daktari, kwa wiki na miezi. Haiachwi siku moja, hata kama umeishiwa. Ukiona vimebaki vya wiki moja, njoo nijue.

Kupona kabisa hakujapatikana. Nisiwadanganye. Lakini miaka ya 1950, huko huko Marekani, karibu nusu ya wagonjwa walikufa kabla ya kufika miaka mitano tangu wajulikane. Siku hizi, penye dawa na vipimo, wengi sana wanaishi na kuzeeka. Huyu mama analima. Anatoka alfajiri, saa nne amerudi, anakwenda tena jioni. Amevaa kofia pana na mikono mirefu, maana jua linawaamsha wale sungusungu. Kuhusu mtoto, daktari alimwambia asubiri ugonjwa utulie angalau miezi sita, na zile dawa zinazodhuru mimba ziwe zimekwisha ondolewa. Sasa ameruhusiwa. Hilo ni lao wawili.

Na yule bibi? Bwana alikwenda mwenyewe na baiskeli kumfuata. Alimwomba radhi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Bibi akasema, "Radhi nimeisikia. Na mahindi yangu?" Akalipwa magunia mawili. Yupo pale, amekaa karibu na mlango.

Mzee mmoja ameuliza kama kila anayeumwa viungo ana lupasi. La, mzee wangu. Wewe una mgongo wa jembe, na mimi pia. Lupasi ni ugonjwa wa nadra. Kinachonitia shaka ni vipande vingi kwa mtu mmoja: viungo kuvimba asubuhi kwa wiki nyingi, upele wa uso unaochukia jua, vidonda vya mdomo, nywele kukatika, kifua kuchoma, mimba kutoka, mkojo wenye povu. Viwili au vitatu vikimkuta mtu mmoja, hata kama havikuja pamoja, aje.

Mama wa pale nyuma ameuliza kama anaweza kuandikiwa na mwanawe, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Anaweza. Aandike tarehe, aandike panapouma, aandike na dawa uliyopewa. Mwandiko mbaya si kitu. Wangu mmeuona.

Kijiti cha mkojo kipo zahanati. Nitapima Jumatano asubuhi, wanaume na wanawake. Njooni na mkojo wa kuamkia, kwenye chupa iliyooshwa. Tafadhali, isiwe chupa ya mafuta ya taa. Mara ya mwisho niliwarudisha watu watatu.